Simu ya mkopo, homa ya usiku na kibanja cha babu

Bukoba/Muleba. Saa nane usiku mtoto wa miaka miwili alikuwa anachemka mwili mzima. Mama yake, mkulima wa kahawa na migomba huko Kamachumu wilayani Muleba, alimpangusa kwa kitambaa chenye maji, akampa dawa ya kushusha homa iliyokuwa imebaki kwenye chupa, kisha akanyoosha mkono kuchukua simu ampigie dereva wa bodaboda anayemfahamu.

Kioo kiliwaka, lakini picha ya mtoto haikuwepo, wala majina ya watu. Kulikuwa na maandishi tu: rejesho la jana halijapokelewa, lipia kwa namba hii. Alibonyeza huku na kule bila mafanikio. Simu ilikuwa imefungwa kutoka mbali, na kilichoifunga ni kompyuta ambayo haijui kama Kamachumu kuna mtoto anayeumwa.

Alikuwa na Sh14,000 kwenye akaunti ya simu. Pesa hiyo iko kwenye laini, si kwenye kifaa, kwa hiyo angeweza kuichomoa laini na kuiweka kwenye kitochi chochote. Lakini saa nane usiku, mtoto akiwa anatetemeka, nani anakumbuka hilo? Alimfunga mtoto mgongoni, akapita katikati ya migomba hadi kwa jirani, akagonga mlango mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaamka. Kijana wa jirani akatoa pikipiki.

Walifika hospitali kabla ya alfajiri. Kipimo kilionyesha malaria, mtoto akaanzishiwa dawa, na siku ya pili aliomba uji mwenyewe. Mzazi unayesoma haya, homa ya mtoto wa chini ya miaka mitano isipitishe siku moja bila kipimo. Na kama mtoto anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila anachopewa, amelegea au amepata degedege, usingoje hata kupambazuke.

Habari ya malaria ingeishia hapo. Habari ya simu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, kwa sababu mama huyo ana kaka yake mjini Bukoba ambaye simu ndiyo maisha yake.

Ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwenye duka dogo la vifaa na meza ya ufundi si mbali na stendi ya mjini. Wateja wanamwita Fundi. Droo zake zimejaa simu za zamani, Nokia za kubonyeza ambazo bado zinawaka, redio za mkulima, na tableti zilizopasuka ambazo haziuzi wala hazitupi. Kifaa kipya kikiingia mjini, yeye hukifungua kwanza kwa bisibisi ndipo akiwashe. Anasema kifaa usichoweza kukifungua si chako, umekodishwa tu.

Ana misimamo mitatu na anaitoa bila kuombwa, hata kwa mteja aliyekuja kununua chaja ya Sh5,000. Wa kwanza ni huo wa bisibisi. Wa pili ni kwamba picha na nyimbo zako zikae kwenye memori kadi unayoweza kuishika, si kwenye kompyuta ya mtu wa ng’ambo. Wa tatu ndio unaomfanya awike kijiweni: serikali ijenge barabara, ilinde mpaka, ipulizie dawa ya mbu, halafu imwache na simu yake.

Kwa msimamo wa pili ana mfano anaoupenda. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifuta kwa mbali nakala za vitabu vya George Orwell, kikiwemo kile kiitwacho 1984, kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya wateja waliokuwa wameshalipia. Walirudishiwa pesa zao, lakini watu walilala na kitabu wakaamka hawana. Anapofika hapo hugonga meza. “Nani ameshawahi kuingia nyumbani kwako usiku kuchukua kitabu ulichonunua dukani?”

Kwa msimamo wa tatu anatembea na tarehe kichwani kama mtu anayehesabu madeni. Juni 16, 2016 usiku, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima, na meza yake ikajaa wateja wanaolia. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kulipia leseni. Mei 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya Nida, foleni zikawa foleni kweli, hadi Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alipojisajili mwenyewe akiwa Chato, huko jirani, na kusogeza mwisho hadi Januari 20, 2020. Julai 15, 2021 ikaingia tozo ya miamala, kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja, ikapigiwa kelele mpaka ikapunguzwa. Oktoba 2023 TCRA ikataka wanaotumia VPN watoe taarifa. Na Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikazimwa.

Hiyo ya mwisho haielezi kwa kelele. Anasema tu kwamba siku hizo alijua maana ya kuwa na duka lililojaa vioo visivyoonyesha kitu.

Si kila anachosema kina uzito sawa. Simu bandia, kwa mfano, nyingi zilikuwa na betri za hovyo, na yeye mwenyewe anakiri aliwahi kuona moja iliyounguza godoro la mteja. Usajili wa laini nao umemrahisishia kazi mzazi anayetaka kujua nani amesajili laini kwa kitambulisho chake: anabonyeza *106# na kuona orodha. Lakini ukimsikiliza kwa muda unaelewa kinachomuuma. Anachoogopa ni mtu wa mbali mwenye kitufe. Tatizo ni kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akimtafuta mtu huyo upande mmoja tu.

Simu ya dada yake ilipigwa kutoka kitochi cha jirani saa mbili asubuhi. “Kaka, shikamoo. Mtoto yupo hospitali, lakini anaendelea vizuri. Ile simu imenifungia.”

“Marahaba. Imekufungia nani? Serikali?”

“Ile kampuni ya mkopo, kaka. Nimechelewa siku moja.”

Jumamosi Fundi alifunga duka mapema, akapanda gari hadi Muhutwe, akapanda tena mlima kwenda Kamachumu. Alikuta mjomba mtu wa miaka miwili anakimbiza kuku, dada yake anamenya ndizi, na baba yao mzee amekaa kwenye kiti chake na kahawa za kutafuna mkononi. “Kasinge, Tata.” Salamu zikaenda mpaka zikaisha, kwa sababu Uhayani huwezi kuruka salamu eti una haraka ya simu.

Kisha akaomba karatasi, akaanza kupiga hesabu. Dada yake alitoa kianzio cha Sh60,000 kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli siku ya gulio. Rejesho ni Sh1,400 kwa siku kwa siku 365, ambazo ni Sh511,000. Jumla Sh571,000. Simu hiyohiyo dukani kwake Bukoba anaiuza Sh350,000.

“Umenunua simu moja na zaidi ya nusu ya simu nyingine,” alimwambia. “Hiyo nusu iko wapi?”

Dada mtu hakupenda. Akamjibu kwamba Sh350,000 kwa mara moja hana, wala hajawahi kuwa nayo mkononi tangu azaliwe isipokuwa msimu wa kahawa, na msimu wa kahawa pesa hiyo ina wenyewe: ada, bati, bima. Sh1,400 kwa siku anaipata. Kwa simu hiyo anaulizia bei ya kahawa, anapokea pesa za mume aliyeko visiwani kwenye uvuvi, na yuko kwenye kundi la wazazi la shule. Bila mkopo angekuwa bado anaazima kitochi.

Ana hoja. Watu wa mjini hupenda kumcheka anayekopa simu, wakati wao wenyewe wamekopa pikipiki kwa masharti hayohayo. Vijiji vingi vya Tanzania vilipata taa ya sola kwa njia hii, unalipa kidogokidogo na usipolipa taa inazima. Mkopo wa namna hiyo umeingiza mwanga mahali ambapo nguzo ya umeme haikuwa imefika. Kitu cha kuuliza ni nini kinafungwa pamoja na kifaa. Taa ikizima, mtoto anasoma kwa kibatari. Simu ikifungwa, vinafungwa humo ndani namba ya bodaboda, namba ya nesi, picha za marehemu bibi, tarehe ya kliniki. Kampuni inakudai kifaa, lakini kufuli linafunika na vitu ambavyo haikukuuzia.

Mzee alikuwa kimya muda wote. Akatema ganda la kahawa, akauliza kama huo mkopo ni butura.

Kwa asiye wa Kagera, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Umebanwa na ada au ugonjwa, mwenye pesa anakuja anakupa kiasi kidogo leo, na siku ya mavuno anavuna yeye. Viongozi wa mkoa wameipiga marufuku mara nyingi, na kila familia yenye mibuni inamjua mtu aliyeingia humo. Shamba ni lako, jasho ni lako, kahawa ya mwenzako.

Dada mtu akasema hapana, hii tofauti, kahawa haijaguswa. Mzee akasema sawa, basi ni butura yenye kioo. Wakacheka, lakini Fundi hakucheka sana.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo dada huyo hakuwa amelisema kwenye simu. Wiki mbili kabla, ili asichelewe marejesho, alikopa kwenye aplikesheni ya mtandaoni. Aliomba Sh30,000, akapokea Sh21,000 mkononi, nyingine ikaitwa gharama, na akatakiwa kulipa yote ndani ya siku saba. Siku ya nane ujumbe ukaanza kutumwa, lakini si kwake. Ulitumwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa nesi wa kliniki ya watoto: jina lake, picha yake, na maneno kwamba ni tapeli anayetafutwa.

Alipokuwa akiipakua aplikesheni hiyo iliuliza kama inaruhusiwa kuona majina kwenye simu. Alikubali, kama wengi wanavyokubali, kwa sababu bila kukubali haiendelei. Kliniki iliyofuata hakwenda. Aliona aibu kukutana na nesi.

Hii ndiyo sehemu inayohusu afya moja kwa moja. Mtoto alikosa mizani na chanjo ya tarehe ile kwa sababu ya ujumbe wa deni la Sh30,000. Nesi mwenyewe, alipokuja kuulizwa baadaye, alikuwa ameufuta ujumbe ule siku hiyohiyo na kumsahau aliyeutuma. Mama alikuwa ameubeba wiki nzima.

Fundi alikasirika mpaka akasimama. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kifundi: alete simu Bukoba, aiondolee kufuli na kila kitu kilichomo. Anajua kufanya hivyo, au anamjua anayejua. Lakini anajua pia kinachofuata. Mkataba unasema kifaa ni cha kampuni mpaka rejesho la mwisho, namba ya IMEI ya simu inaweza kufungiwa isishike mtandao wowote nchini, na kuichezea IMEI yenyewe ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Dada angeishia na kioo cha kujitazamia.

Maneno yake ya pili yalikuwa swali, na aliyauliza kwa sauti ya chini kidogo. Hawa wa aplikesheni anawashitaki nani?

Jibu lilimchoma kidogo, kwa sababu anayeweza kushughulika nao ni serikali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa zako aseme anazikusanya kwa ajili gani na asizigeuzie kazi nyingine. Inakupa haki ya kujua anachokijua juu yako, kumtaka arekebishe au afute, na kulalamika kwa Tume. Taarifa za afya na za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazotakiwa ulinzi wa juu zaidi.

Na angalia hili, maana wazazi wengi hawalifikirii. Namba ya nesi iliyo kwenye simu yako ni taarifa ya nesi. Unapobonyeza “ruhusu”, unaruhusu kwa niaba ya watu mia tatu ambao hawakuulizwa.

Fundi alijaribu kujitetea. Alisema sheria ni karatasi, na kutoka Kamachumu hadi ofisi ya Tume ni mbali. Ni kweli, na mtu aliyetukanwa kwa mama mkwe leo hana muda wa kusubiri barua. Ndipo mzee aliposema kitu kilichonyamazisha baraza.

Aliwauliza wanawe kama wanajua kibanja walichokikalia kilikuwa cha nani.

Walijua kwa kusikia tu. Zamani za bakama, sehemu ya vibanja vya Buhaya ilikuwa chini ya nyarubanja. Mkulima alizaliwa humo, akapanda migomba na mibuni, akazika wazee wake humo, lakini kibanja kilikuwa cha bwana, na kila mwaka alipeleka alichotakiwa kupeleka. Akikorofishana na bwana, aliweza kuondolewa. Serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na mwaka 1965 sheria ikapitishwa ya kuwapa wapangaji wa nyarubanja vibanja walivyokuwa wakivilima.

“Babu yenu alilala mpangaji, akaamka mwenye mali,” mzee alisema. Yeye wakati huo alikuwa kijana anayeota ndevu. “Hakushika bisibisi.”

Fundi ni mbishi, na ubishi wake ulikuwa na akili. “Tata, lakini na nyarubanja yenyewe ililindwa na serikali. Mjerumani aliikuta akaikubali, Mwingereza akaiandika.”

“Eee waitu. Na ni kwa nini nakwambia uwe unaitazama? Ukiipa mgongo, atakayekaa naye ni bwana.”

Hakuna aliyeshinda. Fundi hakuondoka Kamachumu akiwa mpenzi wa serikali, na pengine ni vizuri asiwe. Nchi inahitaji watu wanaokumbuka tarehe za tozo. Lakini alirudi na tofauti moja, ambayo wateja wake wa kijiweni wameshaanza kuichoka. Siku hizi anauliza, kwa kila anayetaka taarifa zako, awe ofisa au kampuni: anazitaka za nini, na atazishika mpaka lini?

Mfano wa jibu zuri anautoa Bukoba hukohuko. Machi 21, 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia nchini kwa mara ya kwanza, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Watu tisa waliugua na sita wakafa. Waliokuwa wamegusana na wagonjwa, zaidi ya 200, waliandikwa majina na namba za simu, wakafuatiliwa kwa siku 21 kuona kama nao wataonyesha dalili. Kuna mtu wa ukoo wake alikuwa kwenye orodha hiyo, akipigiwa simu na kutembelewa na wahudumu wa afya wenye kipimajoto. Juni 2, 2023 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Bila namba hizo, Bukoba ingezika zaidi.

Fundi hana ugomvi na orodha ile. Anasema ilikuwa na sababu kila mtu anayoijua, na ilikuwa na siku ya mwisho. Anataka na nyingine ziwe hivyo.

Kagera ina sababu nyingine ya kujali siri ya mgonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani hapa mwaka 1983. Kabla jina la ugonjwa halijazoeleka, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivuma wakati huo. Wazee wanakumbuka namna nyumba ilivyonyooshewa kidole, watoto yatima wakahamishwa madawati, watu wakaogopa kula msibani. Leo anayetumia dawa anaishi, anazaa mtoto asiye na maambukizi na kuzeeka. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamkataza mtumishi wa afya kutoa siri ya majibu yako. Lakini ujumbe wa kukukumbusha tarehe ya kliniki, picha ya kadi, picha ya majibu ya maabara, vyote viko kwenye simu. Nayo simu tunampa fundi tukamwambia na namba ya siri, halafu tunakwenda sokoni.

Kwenye meza yake Fundi ameona mengi ambayo hakutakiwa kuyaona, ndiyo maana siku hizi hataki simu ya kuachiwa. Mwenye simu akae kwenye benchi mpaka kazi iishe, na laini na memori kadi achomoe mwenyewe kwanza. Wateja wengine wanaona anawapotezea muda. Mzazi, mtafute fundi wa aina hiyo hata kama bei yake imezidi kidogo.

Kuna na picha za watoto wagonjwa. Baba anampiga picha mwanaye kitandani na dripu mkononi, anairusha kwenye makundi manne akiomba dua na michango. Nia ni njema. Ila mtoto huyo ana miaka sita, atakuwa na kumi na sita, na picha ile itakuwa bado inazunguka kwa watu asiowajua. Michango inaweza kuombwa kwa maneno, na picha akatumiwa shangazi peke yake.

Kabla hajarudi Bukoba, Fundi alimlipia dada yake marejesho ya siku tatu, na simu ikafunguka palepale, ndani ya dakika moja, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakahamishia picha zote kwenye memori kadi. Ile aplikesheni waliinyima ruhusa ya kuona majina kwanza, ndipo wakaifuta, baada ya kupiga picha ujumbe wote wa matusi uwe ushahidi. Deni lenyewe, zile Sh21,000 alizopokea, dada mtu alisisitiza atalilipa, kwa sababu alizila.

Kliniki alikwenda Jumatatu. Nesi alimpa mtoto chanjo iliyorukwa, akaandika kwenye kadi, na alipoona mama anaangalia chini akamuuliza kama kuna shida nyumbani. Kadi ya kliniki ni ya karatasi, na itunzwe hivyohivyo, hata siku ambayo taarifa zote zitakuwa kwenye kompyuta ya zahanati.

Fundi alimwachia dada yake na kitochi kimoja kutoka kwenye droo, betri yake inakaa siku nne, kwa ajili ya usiku kama ule. Humo aliingiza namba ya dereva wa bodaboda, ya nesi na ya jirani. Akaongeza 115, ya bure, ambayo mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura hupigiwa ili usafiri utafutwe, na 199 ya Wizara ya Afya, nayo ya bure, kwa maswali.

Kisha akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika namba zote tena nyuma ya mlango, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mwanga wa kibatari. Mzee alisimama akazitazama kwa muda, mikono nyuma, akauliza kama na mlango huo utakuwa na rejesho.